Kobe wa Melita

Msomaji mpenzi, lugha yetu haikumfanyia kobe choyo cha majina. Yule aishiye nchi kavu, mwenye gamba lililoinuka kama kibanda na miguu minene kama michi, tunamwita kobe. Yule wa baharini, ambaye miguu yake imekuwa makasia, tunamwita kasa. Na katika makasa yupo mmoja ambaye gamba lake lilitafutwa sana kwa kufanyiwa vitana na mapambo, naye akapewa jina lake mwenyewe, ng'amba. Watu wa pwani waliotutangulia waliziona tofauti hizi kila siku, kwa hiyo hawakuridhika na neno moja. Huko Malta, kisiwa ambako nataka kukupeleka leo, wenyeji wana neno fekruna, nalo huwatosha kwa kobe na kwa kasa pia. Nayasema haya mapema kwa sababu habari nitakayokusimulia ni ya kobe na ya kasa, na atakayewachanganya atapotea njia kabla ya kufika pangoni.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya viumbe katika shule ya bara, mwendo wa siku nzima kutoka baharini, na umri wangu umekwisha kupita miaka thelathini. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tuliamriwa kuandika juu ya wanyama wa visiwani. Wenzangu waliwahi vitabu vya Galápagos. Mimi niliyechelewa maktabani nilikuta imebaki ramani ya Bahari ya Kati, ile iitwayo Mediteranea, na kitabu kimoja chenye picha za mapango. Ndivyo nilivyopata Malta. Sijapata kuikanyaga ardhi yake, lakini tangu siku hizo nimekuwa nikifuata habari za kobe wake kama mtu afuatavyo kesi ya jirani. Katika mtihani wa taifa hapana swali juu yao. Mara nyingine mwanafunzi hunikumbusha jambo hilo kwa adabu, akitaka turudi katika maswali ya mtihani, nami humjibu kwamba tutarudi kesho.

Malta ni kikundi cha visiwa vidogo, yapata kilomita 90 kusini ya Sicily. Ukivijumlisha vyote, Malta yenyewe, Gozo, Comino na vile visivyo na watu, eneo lake ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake yavipita mara tano. Wasomaji wa Biblia wanaifahamu Malta kwa jina la Melita, ambako mtume Paulo aliokoka merikebu yake ilipovunjika, na wataalamu waliotaka kumpa kiumbe wa huko jina la Kilatini wamelitumia mara nyingi jina hilo la kale. Lugha ya wenyeji ina asili ya Kiarabu, hata Mswahili apitaye njiani akisikia bahari ikiitwa baħar atageuza shingo.

Sehemu kubwa ya nchi ile ni mawe ya chokaa. Lipo jiwe moja la rangi ya asali, laini hata hukatwa kwa msumeno, na kwa jiwe hilo ulijengwa mji wa Valletta, ulioanzishwa mwaka 1566, na nyumba nyingi za watu wa leo. Lilifanyika chini ya bahari kiasi cha miaka milioni 20 iliyopita, kwa magamba ya vijidudu visivyoonekana vema kwa macho, yaliyoshuka kama vumbi yakalala sakafuni, tabaka juu ya tabaka. Mfikirie, msomaji, mtu ajengaye ukuta wa jiko lake kwa sakafu ya bahari! Si ajabu basi kwamba wakata mawe wa Malta wamekuwa wakikuta ndani ya jiwe mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ambayo siku hizi tunayaita visukuku: meno ya papa, mifupa ya nyangumi, ya mamba, na ya kasa.

Meno ya papa yana kisa chake, nami siwezi kukipita. Zamani watu waliyaita ndimi za nyoka. Ilisemekana kwamba Paulo, baada ya kuumwa na nyoka kisiwani, aliwalaani nyoka wote wa Malta na ndimi zao zikawa mawe. Kwa hiyo watu waliyavaa na kuyatumbukiza katika vinywaji wakiamini kwamba yaondoa sumu. Mwaka 1670 mchoraji wa Sicily, Agostino Scilla, alichapisha kitabu chenye picha za vitu hivi alizozichora mwenyewe, akashikilia kwamba ni sehemu za viumbe waliokuwa hai baharini, wala si mchezo wa mawe. Kazi yake ilikuwa kutazama kitu vema kabla ya kukichora, na kazi hiyo ilimfikisha mahali ambapo wenye elimu kubwa zaidi walikuwa wamepapita wakiwa wamefumba macho.

Katika mawe hayo ya bahari alipatikana pia mmoja ambaye si kasa wala si kobe wa nchi kavu. Mwaka 1891 mtaalamu wa London, Richard Lydekker, aliandika habari za kobe wa gamba laini kutoka Malta, akampa jina la Trionyx melitensis. Kobe wa jamii hii hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta. Ndugu yake yu hai katika Mto Nile na katika Ziwa Turkana letu: mgongo wake umefunikwa kwa ngozi badala ya vigae vigumu, na pua yake imechongoka kama kijibomba, humwezesha kuvuta hewa huku mwili wote umejificha majini. Ni mnyama wa maji baridi, lakini huonekana katika midomo ya mito, na pwani ya Uturuki huthubutu kuingia hata baharini. Mfupa wake ndani ya jiwe la bahari si kitendawili basi kwa mtu amjuaye ndugu yake aliye hai. Jambo hili nimelisisitiza darasani mara nyingi: aliyekufa zamani husomwa kwa msaada wa aliye hai, na asiyemjua kobe wa Turkana atatoka kapa mbele ya kobe wa Malta.

Sasa tuliache jiwe lenyewe, tuingie katika mapango yaliyomo ndani yake. Baina ya hayo mawili pana muda mrefu mno. Sakafu ile ya bahari iliinuliwa na nguvu za chini ya ardhi ikawa nchi kavu. Mvua ikailamba chokaa, ikachimba nyufa na mapango. Na wanyama waliokuja kuishi juu ya nchi hiyo wakatumbukia humo, au wakachukuliwa na maji ya mafuriko, wakafunikwa na udongo. Kwa hiyo kisiwa kile kina vitabu viwili, kimoja ndani ya kingine. Jiwe lasimulia habari za kasa, na udongo ulio pangoni wasimulia habari za kobe.

Mtu aliyekisoma kitabu cha pili kwa bidii kupita wenzake wa wakati wake alikuwa daktari wa jeshi la Waingereza, Andrew Leith Adams, aliyekaa Malta katika miaka ya 1860. Alipopata nafasi katika kazi ya kuwatibu askari alikwenda kuchimba. Karibu na hekalu la kale la Mnajdra alifukua ufa uliojaa mifupa ya tembo, lakini tembo wa ajabu, wafupi, ambao aina yao ndogo kabisa ilimfikia mtu mzima kiunoni au zaidi kidogo. Pamoja na tembo zilitoka habari za viumbe wengine waliokwenda kinyume chao: mnyama wa jamii ya panya aishiye mitini, aliyekuwa mkubwa ajabu, ambaye leo anaitwa Leithia kwa heshima ya daktari huyo, na batamaji mwenye shingo ndefu aliyewapita batamaji wote walio hai leo. Kisha katika mwaka 1877 Leith Adams alichapisha makala juu ya kobe wakubwa wa nchi kavu na kobe mmoja mdogo wa maji baridi kutoka mapango ya Malta. Kobe mkubwa kabisa alimwita Testudo robusta, yaani kobe mwenye nguvu, na mwingine akampa jina la Spratt, nahodha wa manowari aliyepima bahari zile na kuchimba pango la Żebbuġ kabla yake.

Usidhani kwamba alipata kobe mzima ameinama katika gamba lake, kama tunavyomwona katika picha. Alipata vipande vya mifupa ya miguu na vya magamba. Lakini mfupa wa paja la kobe ni mfupa wenye kusema. Umepinda kwa namna yake, kichwa chake kimekaa pembeni, na unene wake huonyesha uzito uliobebwa. Leith Adams aliyapima aliyoyapata, akayalinganisha na mifupa ya kobe wakubwa wa visiwa vya mbali, akaona kwamba Malta, kisiwa kisichokuwa na kobe wa porini wakati wake, kiliwahi kuwa na kobe ambao Ulaya ya leo haina mfano wao.

Yule mdogo wa maji baridi husahauliwa na waandishi wengi, kwa sababu macho ya watu hukimbilia ukubwa. Mimi nampenda kuliko wote. Malta ya leo haina mto udumuo mwaka mzima, wala haina ziwa. Watu wake hupata sehemu kubwa ya maji yao kwa kuisafisha chumvi ya bahari. Kobe wa madimbwi hawezi kuishi kwa umande. Mfupa wake mdogo, pamoja na mifupa ya viboko iliyojaa katika tabaka za chini za pango la Għar Dalam, ni shahidi kwamba zamani palikuwa na maji yaliyosimama na nyasi pembeni yake. Kiboko na kobe mdogo wanatoa ushahidi mmoja, na huyu mdogo hana sauti hafifu kuliko mwenziwe.

Hapa ndipo mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, msichana asiyesema sana, aliponyosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, kobe hajui kuogelea. Alifikaje kisiwani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mia na zaidi.

Jibu la kwanza ni kwamba alikwenda kwa miguu. Mwaka 1970 meli ya utafiti iitwayo Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Bahari ya Kati ikatoa chumvi na jasi, vitu ambavyo bahari huviacha inapokauka. Baada ya hapo ilikubalika kwamba kiasi cha miaka milioni 6 iliyopita mlango wa magharibi wa bahari ile ulizibwa, maji yakapungua mno kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka, mpaka Atlantiki ilipoingia tena miaka milioni 5.3 iliyopita. Tena, katika nyakati za baridi kuu, ambapo maji mengi ya dunia yaligandishwa katika barafu, bahari ilishuka. Miaka kiasi cha 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya kimo chake cha leo kwa zaidi ya mita 100, na nchi ya Malta ikaungana na Sicily. Kobe mvumilivu angeweza kuivuka njia hiyo, kizazi baada ya kizazi, akila majani yake pasipo haraka.

Jibu la pili lilikuja pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa mnyama mwenyewe. Mwezi wa Desemba 2004, huko Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mkubwa wa nchi kavu alitoka baharini akapanda mchangani. Alikuwa amekonda. Miguu yake na sehemu ya chini ya gamba lake ilikuwa imeshikwa na vile viumbe vidogo vya gamba ambavyo hushika mbao za majahazi chini ya maji, na kwa ukubwa wa viumbe hao ilijulikana kwamba alikuwa ameelea baharini kwa majuma kadhaa. Alikuwa wa aina ya kobe wa Aldabra, kisiwa cha Seychelles kilicho zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Kobe hakuogelea kama kasa. Mwili wake una hewa, shingo yake ni ndefu, naye aweza kukaa siku nyingi bila chakula wala maji ya kunywa. Alielea, na mkondo ukamleta. Nilipowasimulia wanafunzi habari hii, vicheko vilikwisha, na yule msichana akaandika neno Kimbiji pembeni ya daftari lake akalipigia mstari. Kilomita 90 za Malta na Sicily ni kidogo kwa mnyama anayeweza safari kama hiyo. Kwa hiyo daraja la nchi kavu si la lazima katika hadithi ya kobe, ijapokuwa kwa viboko na paa mambo ni mengine.

Lipo wazo jingine ambalo vitabu vyepesi hulirudia, kwamba kisiwa humfanya mnyama mkubwa kuwa mdogo na mdogo kuwa mkubwa. Kwa tembo na panya wa Malta wazo hilo lina ushahidi mzuri. Lakini ukiwaingiza kobe katika kanuni hiyo, watakataa kuingia. Visukuku vya kobe wakubwa sana vimefukuliwa katika mabara, ambako hapakuwa na kisiwa cha kuwakuza. Katika Ulaya yenyewe waliishi kobe ambao wataalamu, tangu mwaka 2014, wanawaita Titanochelon, na gamba la baadhi yao lilizidi urefu wa mita moja. Katika nchi ya India walikuwapo wakubwa zaidi. Basi haituwii vigumu kufikiri kwamba kobe walifika visiwani wakiwa wakubwa tayari, na kwamba ukubwa huo ndio uliowasaidia kuelea na kuvumilia njaa. Wale wa mabara walipokwisha, wale wa visiwani walibaki, kama watu wa ukoo mmoja waliosalia katika kijiji cha mbali baada ya mji wao mkuu kuvunjika.

Neno ukoo silitumii ovyo. Mwaka 1914 Dorothea Bate wa Makumbusho ya Viumbe ya London, mwanamke ambaye hakusoma chuo kikuu na ambaye alipanda majabali ya visiwa vingi vya Bahari ya Kati akitafuta mifupa, alieleza kobe mkubwa wa Menorca, kisiwa cha Hispania kilicho mbali sana na Malta. Kwa muda mrefu kobe wa Menorca na wa Malta waliwekwa katika makundi mbalimbali, wakihamishwa kutoka jina hili mpaka jina lile. Kisha mwaka 2022 wataalamu walitangaza mifupa ya kobe mkubwa kutoka pango moja karibu na Bagheria, kaskazini ya Sicily. Walipoilinganisha na ya Malta na ya Menorca, waliona alama za undugu, wakawaweka wote watatu katika jenasi moja mpya. Jina walilolichagua ni Solitudo, neno la Kilatini lenye maana ya upweke. Testudo robusta wa Leith Adams leo anaitwa Solitudo robusta. Jina la kwanza lilimsifu kwa nguvu zake, la pili limemhurumia kwa ukiwa wake. Mimi naona yote mawili yamemfaa.

Lakini jambo lililonishtua katika habari ya Sicily si jina. Ni umri. Mfupa ule ulipopimwa kwa kaboni ulionekana kuwa wa miaka kiasi cha 12,500 tu. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu mamilioni, hiyo ni jana. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha ingia Sicily, wana moto, wana zana za mawe, na njaa kama yetu.

Na huko Malta? Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba watu wa kwanza wa kisiwa kile walikuwa wakulima, walioingia kiasi cha miaka 7,400 iliyopita wakiwa na mbegu na mifugo yao, na kwamba waliikuta nchi ambayo wanyama wake wa zamani wamekwisha toweka. Mwaka 2025 watafiti walioongozwa na Eleanor Scerri walitangaza matokeo ya kuchimba pango la Latnija, sehemu ya Mellieħa, kaskazini ya kisiwa. Humo walikuta majivu ya moto, zana za mawe na mabaki ya chakula cha wawindaji waliofika miaka 8,500 iliyopita, yaani miaka elfu moja kabla ya wakulima. Bahari ilikuwa imekwisha panda na kukitenga kisiwa, kwa hiyo watu hao walivuka kiasi cha kilomita 100 za maji pasipo tanga. Walikula paa wekundu, ndege, samaki, konokono wa baharini. Na kobe walikuwamo katika chakula chao.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikaweka karatasi chini. Kwetu bara kobe haliwi, walakini kila mwaka kabla ya mvua watu huchoma nyasi za mashamba, na baada ya moto mtu akipita huokota magamba meupe yaliyoungua. Gamba nililo nalo katika meza ya darasa nililiokota hivyo. Wahenga walisema ukimwona kobe ameinama anatunga sheria. Lakini moto haungoji sheria, wala mwenye njaa haungoji. Kobe alijengewa ulinzi wa meno ya fisi na makucha ya tai. Kwa kiumbe anayeweza kumpindua mgongo chini, au kumbeba mpaka motoni, ulinzi ule wote ni sahani.

Sikuambii kwamba wawindaji wa Latnija ndio waliowamaliza kobe wa Malta. Makaa na mifupa ya pango moja hayawezi kubeba hukumu nzito kiasi hicho, na mabadiliko ya hali ya nchi, bahari ikipanda na maji ya madimbwi yakipungua, nayo lazima yasikilizwe kortini. Lakini katika Bahari ya Hindi shauri halina giza. Huko Mauritius na Rodrigues mabaharia waliwapakia kobe merikebuni kwa maelfu, wakiwapanga kama magunia, kwa sababu kobe hukaa hai miezi mingi bila kulishwa, na nyama yake haiozi maadamu yu hai. Kobe wa visiwa hivyo hawapo tena. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakiomba kobe wa Aldabra walindwe, na ndiyo maana huyo wa Kimbiji alipata mahali pa kuzaliwa. Wale uwaonao katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ni jamii ya hao hao. Wa kwanza wao waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919.

Kuna njia nyingine ya kumpoteza kobe, nayo ni kumpoteza baada ya kufa. Kijana mmoja wa darasa langu aliniletea mfupa aliouchimbua ukingoni mwa mto wakati wa likizo. Ulikuwa mfupa mzuri, mzito, umeanza kuwa jiwe, naye alikuwa ameusugua kwa mchanga mpaka unang'aa. Nikamwuliza aliutoa tabaka gani, chini ya udongo wa rangi gani, pamoja na nini. Alikuwa amesahau hata mto. Mfupa ule bado uko kabatini, mzuri na bubu. Huko Għar Dalam msiba ulikuwa mkubwa zaidi: mwaka 1980 wezi waliingia katika makumbusho ya pango wakachukua pembe za tembo wafupi na fuvu la mtoto wa zama za mawe. Leith Adams alichimba kwa zana hafifu kuliko za leo, lakini aliandika mahali alipochimba na alichokikuta pamoja na kila kipande, na kwa sababu hiyo wataalamu wa mwaka 2022 waliweza kurudi kwenye mifupa ya kobe wake na kuiuliza maswali ambayo yeye hakuyawaza.

Kobe wa nchi kavu walioko Malta leo ni wale wanaofugwa na watu katika bustani. Kasa lakini hakukoma. Huonekana katika maji ya kisiwa kile, na mwaka 2016 mmoja alipanda usiku katika pwani iitwayo Golden Bay, akachimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, akataga, akarudi baharini. Ni pwani ya starehe, yenye hoteli na viti vya watalii, na kwa miaka mingi kasa hakuwa ameonekana kutaga Malta akafanikiwa. Watu walijitolea wakalizungushia shimo lile uzio, wakakesha kwa zamu usiku na mchana, wakizima taa na kuwaomba wageni wapunguze kelele. Baada ya miezi miwili hivi mchanga ukatikisika. Watoto wa kasa walitoka, kila mmoja angeweza kukaa katika kiganja cha mkono, wakashika njia ya kuteremka majini.